Vijiti vimejaa, ukurasa haufunguki: jibu kwa mwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha ya kabati la mapokezi nimeitazama mara tatu. Nitalirudia hilo kabati.

Niwaeleze kwanza wasomaji wenzio ulichouliza. Unaendesha nyumba ya wageni ya shangazi yako hapo Mji Mkongwe, Unguja: chini na ghorofa mbili juu yake, vyumba tisa. Ruta ni moja, imekaa mapokezi ndani ya kabati la mbao, nyuma ya televisheni. Wageni wa chini hawana neno. Wa ghorofa ya pili walilalamika, ukanunua repita, kile kifaa kinachorudia mawimbi ya ruta, ukaichomeka kwenye ujia wa huko juu. Tangu siku hiyo simu zao zinaonyesha vijiti vimejaa, lakini kurasa hazifunguki. Kuanzia saa mbili usiku ni balaa tupu, na simu nyingine zinaandika "imeunganishwa, hakuna intaneti". Mtu wa kampuni kaja, kapima, kasema laini nzima. Mwenye duka anakushauri ununue ruta ya antena nane, naye anasema wenzio wote wanayo. Unaniuliza: ninunue?

Usinunue. Pesa hiyo ina kazi nyingine nitakayokwambia, lakini kwanza lazima tujue ugonjwa uko wapi, maana mpaka sasa hakuna aliyepima. Kila mtu amekisia.

Intaneti ya nyumbani ina hatua mbili. Ya kwanza ni hewani, kutoka simu ya mgeni mpaka ruta. Ya pili ni ya waya, kutoka ruta mpaka kwa kampuni na huko duniani. Mgeni hazitenganishi, kwake yote ni waifai mbovu. Wewe huna budi kuzitenganisha, kwa sababu ukitibu hatua iliyo nzima, malalamiko yatabaki palepale na pesa imekwisha.

Azima laptopu yenye tundu la kebo. Ichomeke kwenye ruta kwa kebo, na waifai ya laptopu uizime. Fanya hivyo saa nne asubuhi, wageni wakiwa kwenye mashamba ya viungo huko, kisha urudie saa mbili unusu usiku wamekwisha rudi kutoka Forodhani. Zile programu za kupima spidi zinafaa, lakini usitosheke nazo. Fungua kidirisha cheusi cha amri uandike ping 192.168.1.1, au anwani yoyote iliyobandikwa mgongoni mwa ruta yako, halafu uandike ping 8.8.8.8. Ping ni amri inayoiuliza anwani "upo?" na kupima muda wa jibu. Kwenye Windows ongeza -t mwishoni ili isisimame, uitazame kwa dakika mbili tatu.

Anwani ya kwanza ni ruta yako mwenyewe. Kwa kebo inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde 1 au 2, kila mara. Ya pili ni ya Google, iko nje ya nyumba yako. Ikiwa kwa kebo ruta inajibu vizuri lakini ile ya nje inaruka kutoka makumi mpaka mamia ya milisekunde, au majibu yanapotea, waifai haina hatia. Sasa chomoa kebo, washa waifai, panda mpaka chumba cha mwisho juu, urudie yaleyale. Ikiwa huko juu ruta yenyewe, ambayo ni mali yako na iko chini ya miguu yako, inakujibu kwa milisekunde 300 au haikujibu kabisa, basi ugonjwa uko hewani, na mtu wa kampuni alisema kweli.

Kuna siku kebo nayo itakupa majibu mabaya na kosa si lako wala la jirani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku ile nilipigiwa simu na watu waliokwisha kudunga sindano kwenye kile kitundu cha kurudisha ruta katika hali ya kiwandani. Mtandao ulipotengemaa, wao ruta zao zilikuwa hazina hata jina na nenosiri la laini. Kitundu kile kiache.

Kwa dalili ulizoniandikia, nadhani una matatizo matatu, na mawili kati yake yako hewani.

La kwanza ni nyumba yenyewe. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Hata sakafu za juu ni boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, na juu yake mawe na chokaa tena. Ruta imebuniwa kwa nyumba za kuta nyepesi. Ukiiweka ndani ya kabati, nyuma ya televisheni ambayo mgongo wake una chuma, umeifungia kabla haijaanza kazi. Mawimbi yanayofika juu kwako hayapiti ukutani. Yanapanda ngazi, yanapita milangoni, yanajigonga mpaka yafike, na yakifika yamechoka.

Pakua kwenye simu ya Android programu ya bure ya kupima nguvu za waifai. Itakupa namba yenye alama ya kutoa, kwa kipimo kinachoandikwa dBm. Ukisimama kando ya ruta utaona -35 au -40. Mpaka -67 hivi mgeni ataongea na nyumbani kwao kwa video bila tabu. Ikifika -75 ujumbe unakwenda, video inakatika. Ikifika -85 hesabu kwamba hakuna kitu, hata kama simu inaonyesha kijiti kimoja cha kukufariji. Na namba hizi zisikudanganye kwa ukaribu wake: kila ukishuka 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi. Kutoka -50 mapokezi mpaka -80 ghorofani, umebakiwa na sehemu moja ya elfu. Chukua karatasi, chora vyumba vyote tisa, tembea na simu, andika namba ya kila chumba mlango ukiwa umefungwa. Mgeni halali mlango wazi.

Sasa hiyo ruta ya antena nane. Vijiti vya simu vinakueleza jambo moja tu: simu inaisikia ruta kiasi gani. Havisemi kama ruta inaisikia simu. Adhana ya mnara wa jirani inakufikia chumbani barabara. Wewe ukiitika kutoka kitandani, muadhini hakusikii. Ruta kubwa ni mnara ulioongezewa spika, na simu ya mgeni ina koo lilelile. Antena nyingi huisaidia ruta kusikia pia, silikatai hilo, lakini msaada wake hautoboi mawe ya nusu mita mara tatu. Mwenye duka hakudanganyi kwa makusudi; huenda kwake, kwenye nyumba ya matofali na mabati, inafanya kazi vizuri.

Repita yako imefanya jambo baya zaidi: imeficha ugonjwa. Uliiweka pale ambapo mtandao haufiki, ukidhani itauleta. Repita haileti kitu, inarudia inachokisikia. Ikiwa pale ujiani inaisikia ruta kwa -82, itarudia manong'ono hayo kwa sauti kubwa. Simu ya mgeni iko mita tatu kutoka repita, inaisikia vizuri mno, inaonyesha vijiti vyote. Lakini kati ya repita na ruta hakuna kinachopita. Zaidi ya hayo, repita za bei ya chini zinapokea na kutuma kwa redio moja na chaneli moja, kwa hiyo kila neno linasemwa mara mbili na spidi inakatika karibu nusu hata pale mambo yanapokuwa mazuri.

Ishushe leo. Iweke kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza, mahali simu yako inaposoma kama -60 au -65 kutoka kwa ruta. Vijiti vya juu vitapungua na kurasa zitaanza kufunguka. Wakati uko hapo, itoe ruta kabatini, ipandishe juu ya kabati, uso wake uelekee ngazi. Kama ina antena mbili, moja isimame na nyingine ilaze. Antena iliyosimama hutupa mawimbi yake pembeni, kwa umbo la tairi lililolazwa chini na antena ikapita kwenye tundu lake. Juu ya ncha yake mawimbi ni machache sana. Nyumba yako inakwenda juu, si pembeni.

La pili ni hayo maneno "imeunganishwa, hakuna intaneti". Watu wengi wakiyaona wanailaumu kampuni. Mara nyingi kosa liko ndani. Simu ikiungana na waifai huomba anwani kutoka kwa ruta, kama mgeni anavyoomba ufunguo mapokezi. Kazi hiyo ya kugawa anwani inaitwa DHCP. Fungua maelezo ya mtandao kwenye simu au laptopu iliyokwama, utazame anwani yake. Laptopu ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, haikupewa ufunguo. Imejichongea wake mwenyewe, na haufungui mlango wowote.

Kwa nini inyimwe? Sababu ya kwanza ni kwamba funguo zimekwisha. Ruta nyingi zinatoka kiwandani zikimpa kila mtu anwani kwa saa 24, na nyingine zimewekewa anwani chache, mfano 50. Wageni 18, kila mmoja na simu, laptopu na saa ya mkononi, halafu nusu yao wanaondoka saa nne na wapya wanaingia saa nane: waliokwenda zao Nungwi bado wameshika funguo zako. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, panua anwani zifike 200, na muda uupunguze uwe saa mbili au tatu.

Sababu ya pili ndiyo ninayoishuku zaidi kwako: mapokezi mawili katika nyumba moja. Baadhi ya repita, na ruta kuukuu zilizogeuzwa kuwa repita, nazo zinagawa anwani zao wenyewe. Mgeni aliyepewa anwani na ruta yuko salama. Aliyepewa na repita anaelekezwa kwenye mlango usiotoka. Ndiyo maana wawili waliokaa meza moja, mmoja anapata na mwingine hapati, na kesho wanabadilishana. Ingia kwenye mipangilio ya repita uizime DHCP yake. Nyumba moja, mgawaji mmoja.

Kuna mdogo wao tena, mara mojamoja: ping 8.8.8.8 inajibu vizuri lakini ukiandika jina la tovuti hupati kitu. Hapo kilichokufa ni DNS, daftari linalogeuza majina kuwa namba. Ndani ya ruta andika 8.8.8.8 na 1.1.1.1 mahali pa DNS, uihifadhi, yaishe.

La tatu ni usiku, na hapa hewa na waya vinashirikiana kukutesa.

Hewani: fungua ile programu uone ruta ngapi zinasikika kutoka ghorofani kwako. Vichochoro vyenu ni vyembamba, hoteli zimebanana, na usiku kila ruta ina kazi. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli 13, lakini zimepishana kwa megahezi 5 tu, na waifai moja inahitaji 20 hivi. Kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Mafundi wajuaji huona hizo tatu zimejaa wakajificha kwenye 3 au 4. Usifanye hivyo. Ruta mbili zilizo kwenye 6 zinasikilizana na kupeana zamu. Ile ya 4 haielewi zinachosema, inasikia kelele tu, nazo zinaisikia hivyohivyo. Chagua kati ya tatu ile ambayo majirani wake wanasikika kwa udhaifu zaidi, na upana wa chaneli uweke 20, si 40. Kisha washa gigahezi 5 kama ruta yako inayo. Kule chaneli ni nyingi na majirani hawafiki, kwa sababu masafa hayo hayapendi kuta. Kwa mtu atakayevuta kebo mpaka ghorofani, kama nitakavyokushauri, huo ni uzuri.

Jikoni nako kutazame. Maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Video ikikatika kila mtu anapopasha chakula, umekwisha mjua.

Kwenye waya: wageni wakirudi usiku simu zao zinaanza kupandisha picha za siku nzima kwenda kwenye hifadhi za mtandaoni, zenyewe, bila kuambiwa. Laini nyingi zina njia nyembamba ya kupandisha. Simu mbili tatu zikiijaza, hata ombi dogo la kufungua ukurasa linapanga foleni nyuma ya picha 400 za machweo. Ndiyo maana nilikutaka upime kwa kebo saa mbili unusu. Ukiona ping ya nje inapanda wakati huo na kushuka usiku wa manane, tafuta ndani ya ruta sehemu ya kugawa kasi, uweke kikomo cha kupandisha kwa kila kifaa. Ruta ikiwa haina sehemu hiyo, hiyo ndiyo sababu ya haki ya kubadilisha ruta. Antena si sababu. Na mtu wa kampuni, kama alikuja asubuhi, asingeweza kuliona hili.

Nikuongezee aibu yangu. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye nyumba moja ambayo waifai ilikatika kila jioni, dakika mbili, ikarudi. Nikabadilisha chaneli siku mbili mfululizo. Nikahamisha ruta. Nikalaumu majirani. Siku ya tatu nikatazama kwenye ukurasa wa ruta muda tangu ilipowashwa: dakika 11. Ruta ilikuwa inajizima na kujiwasha. Adapta yake ya volti 12 ilikuwa imechoka. Mchana iliimudu, jioni vifaa vikiongezeka ruta ikahitaji umeme zaidi, volti zikaanguka. Adapta mpya ikamaliza kazi. Tangu hapo namba hiyo ya muda naitazama kabla sijavua viatu. Wewe nawe itazame, hasa kwa kuwa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo adapta ndizo zinazoumia mwanzo. Ukinunua nyingine, volti ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye ruta, na ampia zisipungue. Joto la kabatini nalo limeua ruta nyingi za mjini kwenu.

Haya, pesa ya antena nane ikafanye hivi. Nunua kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6, na vituo viwili vidogo vya waifai, vile mafundi tunavyoviita AP, kimoja kwa ghorofa ya kwanza na kimoja kwa ya pili. Kebo hukimbia mita 100 bila kupoteza kitu. Nyumba yako nzima haitakula hata 40. Mawimbi hayapiti jiwe, basi tuyabebe kwa waya mpaka upande wa pili wa jiwe, tuyaachie huko. Madukani kuna kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba, zinauzwa kana kwamba ni shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Ni muhimu zaidi ikiwa vituo vyako vitapokea umeme wake kupitia kebo hiyohiyo, na ningekushauri uchague vya aina hiyo, maana soketi za ujiani najua zilivyo.

Usiruhusu fundi atoboe hovyo. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya jengo yanapita kwa Mamlaka ya Hifadhi. Wala huna haja: pitisha kebo kwenye kona ya ngazi, nyuma ya ubao, mbali kidogo na nyaya za umeme, au kwenye bomba la zamani kama lipo.

Vituo vyote viwili na ruta vipewe jina moja na nenosiri moja, DHCP ibaki kwa ruta peke yake. Chini chaneli 1, katikati 6, juu 11. Nguvu ya kutuma iweke ya kati, si ya juu. Najua inasikika kinyume, lakini simu ni shupavu: ikiwa bado inaisikia ruta ya mapokezi kwa mbali, inaweza kuing'ang'ania hata ikiwa imekaa chini ya kituo cha ghorofani. Ukipunguza sauti ya kila kimoja, simu itahama mapema.

Ukiwa humo ndani ya mipangilio, badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta, lile la kiwandani kila mgeni mwenye udadisi analijua. Tumia WPA2 au WPA3, yaani kufuli za nenosiri la waifai, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi, na kompyuta ya mapokezi yenye majina na pasipoti za watu iwe kwenye mtandao wake, wageni kwenye wao.

Niandikie tena ukiwa na karatasi ya namba za vyumba tisa na majibu ya ping ya asubuhi na ya usiku, kwa kebo. Ikiwa ya usiku kwa kebo ni nzuri, hesabu ya kebo na vituo inatosha na kampuni usiisumbue. Na repita usiitupe. Nyingi zina tundu la kebo ubavuni ambalo hakuna anayelisoma kwenye karatasi ya maelezo. Ukiivutia kebo na kuigeuza iwe AP kwenye mipangilio yake, inaacha kurudia na inakuwa kituo kamili. Ipeleke juu ya paa, pale wageni wanapokunywa chai asubuhi, mbali kidogo na tangi la maji.